Suruali Isiyo na Mfuko

Mbeya, Juni 1956

Dada Mwantumu wa Iringa,

Nakusalimu sana. Huku baridi inauma, lakini mimi mzima.

Ile baiskeli niliyofungiwa, mwenyewe aliikuta kwa shemeji yake nikiwa bado jela. Hakuna aliyekuja kunitoa. Askari jela walisema angalau nitatoka fundi cherehani.

Nilipotoka, Bwana Nazir, mwenye duka hapa mjini, akanipa cherehani barazani pa duka lake. Juzi nilimshonea karani suruali. Akaivaa, akataka kutia leso, mfuko hakuna. Miaka minne nimeshona kaptula za wafungwa tu, dada, nazo hazina mifuko. Barazani wote wakajua nimetoka wapi. Nazir akaiingiza cherehani ndani.

Kitambaa ulichonitumia cha nguo ya Idi ya mwanao nakirudisha, sijakikata. Mtafutie fundi.

Ni mimi nduguyo,
Halfani