Siku Niliyokana Jukwaani

Sahibu yangu Bakari,

Nimeketi kwenye kile kibao chako mbele ya duka, na mwanao Athumani ananitazama kwa jicho la pembeni. Nimemwomba kalamu na karatasi lakini sijamwambia namwandikia nani. Nikimwambia, atakwenda kwa mama yake kusema bwana huyu kichwa kimemharibika.

Cherehani yako inafanya kazi. Athumani ana mkono mzuri, ila kola zake zinakwenda upande, na mtu akilalamika humwambia huo ndio mtindo mpya wa Mombasa. Umetuachia mwongo, wallahi, lakini anachekesha. Mkeo ametoka eda na hajambo. Michezo yetu ya kuigiza ndiyo iliyokufa. Tangu tukuzike hatujakutana hata mara moja, na nikimwona Juma seremala njiani tunaulizana hali, kisha kila mtu anashika njia yake. Tutazungumza nini, na wewe hupo?

Bakari, nina neno la kukwambia, na bila ya kulitanguliza lile la Idi sitaliweza.

Unakumbuka ulivyonyoa sharubu? Miaka kumi umezilea, ukazinyoa kwa ajili ya mchezo mmoja, kwa sababu hapa Msambweni mwanamke gani angepanda jukwaani? Ukavaa buibui la mkeo, fupi, miguu yako ile nje, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Jukwaa lenyewe meza za shule, pazia shuka mbili za kitambaa cha marekani. Lo! Hata leo nikipita pale shuleni nacheka peke yangu.

Lakini mchezo haukuwa wa kuchekesha, na wewe ulijua. Ni mimi niliyekupa siri ile, humu humu dukani. Nilikwambia kwamba babu yangu, kabla hajafa, alituita baba na mimi kule Gazi, akapita akigusa minazi saba ya kisimani mmoja mmoja kwa kiganja, akisema, "Huu wa Mwanaisha. Na huu wa Mwanaisha." Kwetu kiwanja huwa cha huyu na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya yule, hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba babu alipozikwa tu, baba yangu akamwambia dada yake, shangazi Mwanaisha, kwamba hana hata kuti. Na mimi niliyesikia nikanyamaza, maana nakula kwa baba na nalala kwa baba.

Ukaichukua siri hiyo ukaitia mchezoni. Minazi ukaigeuza nyumba, Gazi ukaifanya mji usio na jina. Wewe shangazi aliyedhulumiwa, Juma kadhi, na mimi nani? Mimi mjukuu niliyesikia wasia. Nilipogundua nilikasirika, nikakutukana, unakumbuka? Ukaendelea kutia uzi kwenye sindano. Ukasema, "Sikulazimishi. Lakini maneno hayo ukiyazoea hapa, huenda siku moja yakakutoka kwengine."

Nikayazoea. "Naam, kadhi, nilisikia. Nyumba ni ya shangazi yangu." Nikiyasema nikioga, nikiyasema shambani.

Siku ya Idi, baada ya alasiri, nikapanda. Baba amekaa mbele kwenye kiti, kanzu mpya, bakora katikati ya magoti. Shangazi Mwanaisha upande wa wanawake, mkekani. Juma akaniuliza kwa sauti yake ile nzito, "Ulisikia au hukusikia?" Nikamwangalia baba. Nikasema, "Sikusikia kitu."

Masikini Juma! Hukumu yake ilikuwa tayari mdomoni, hana pa kuitia. Mimi nangoja unitukane mbele ya mji mzima, na ungekuwa na haki. Ukaja polepole na buibui lako fupi, ukaniwekea mkono kichwani, ukasema, "Mwache, kadhi. Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Siku akiwa tayari, atasema." Wanawake wakalia. Walidhani mchezo ndivyo ulivyo! Mmoja tu hakulia. Alisimama, akakunja mkeka wake, akaenda zake, na nikajua kwamba shangazi amefahamu kila kitu.

Baba alinishika bega tulipokuwa tukirudi. "Umecheza vizuri," akasema. Sikula chakula cha Idi mwaka ule.

Wewe ukawaambia wenzetu nilisahau maneno. Hukuniuliza, si siku ile, si baadaye, hata kifua kilipokubana na mimi ndiye niliyekuwa nikikunywesha uji. Mara ngapi nilitaka kukwambia nisamehe! Nikasema kesho. Kisha nikashuka kaburini kukupokea, na kesho ikawa haipo tena.

Sasa sikiliza. Baba amepata mtu wa kununua kile kiwanja cha Gazi, pamoja na minazi yote. Shangazi akaenda kushitaki, kwa kadhi wa kweli, si Juma. Jumatano ya kabla ya hii iliyopita nikawafuata yeye na baba hadi mahakamani. Kadhi akamwuliza kama ana shahidi. Shangazi akaniona nimesimama mlangoni. Angeweza kunitaja, Bakari, na hakunitaja. Akasema, "Sina."

Nikasema, "Yupo." Safari hii hapakuwa na pazia wala mtu wa kuniokoa. Nikasema nilisikia. Nikasema babu aligusa kila mnazi, nikasema hata kwa mkono gani. Kwa kuwa shahidi ni mmoja tu, kadhi akamwapisha shangazi pamoja na ushahidi wangu, na minazi ikawa yake. Alipotoka alinibusu kiganja kama mtoto mchanga, nikalia mbele za watu bila haya.

Ungefurahi. Na mimi nilifurahi, usiniulize kwa muda gani. Nyumbani nilikuta vitu vyangu vimewekwa nje, vimefungwa vizuri, maana baba yangu ni mtu nadhifu hata katika hasira. Nalala kwa Juma, kwenye vumbi la mbao. Kila asubuhi napita barazani kwa baba, nasimama, nampa shikamoo. Hanitazami. Leo ni siku ya kumi na moja, na bado hajaniitikia.

Sijuti kwa nililosema. Lakini nampenda yule mzee, Bakari, na hilo hukunifundisha nilibebe vipi.

Basi pumzika, sahibu yangu, Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Nakuahidi jambo moja, na hili sitalikana: kesho asubuhi nitapita tena kwa baba, na keshokutwa, nimwamkie, aitike asiitike.

Wako,
Salimu