Mkanda wa Nyonga Mbele ya Nana

Badu, uko wapi? Leo msibani nimeaibika mpaka nimekosa pa kuweka uso.

Si unaujua ule mkanda wa nyonga niliopewa na Serwaa, yule mtaalamu wa viungo, ili nisipasuliwe? Miezi yote hii nimeuvaa, na kila asubuhi nabana mto katikati ya magoti kama mjinga. Na maumivu yalikuwa yanapungua. Yalikuwa yanapungua, Badu!

Basi ikafika zamu yangu kumsalimia Nana, chifu wetu. Nikavua makubadhi, nikashusha begani ile nguo ya kujitanda, kama ada ya kumheshimu chifu, ikateleza mpaka chini ya kiuno. Mkanda wote nje!

Msemaji wake akanitolea macho. "We bwana, unamjia Nana na hirizi kiunoni?"

Hirizi! Nikamwambia, "Mzee, hii ni ya hospitali."

"Hospitali gani inafunga watu kama mbuzi? Vua!"

Watu wakaangua kicheko. Ningefanya nini? Nikavua. Nilipiga hatua moja tu, nyonga ikanichoma kama kisu, nikaanguka kwa magoti yote mawili mbele ya Nana.

Unajua walifanya nini? Walinipigia makofi! Nana mwenyewe akasema, "Huyu kalelewa."

Nimebebwa mpaka kwenye gari. Serwaa anasema tunaanza upya, na nikiuvua tena nisimpigie simu. Mke wangu naye yuko sebuleni anawatangazia ndugu zake kwamba Nana kamsifu mumewe. Na mimi hata chooni siwezi kuketi.