Taa ya Kijani Kando ya Jina Lako

Olkaria
Ijumaa, 16 Machi 2007

Mpendwa Mama Mathenge,

Sasa dada? Natumai wewe, baba ya watoto na huyo kijana wako wa miaka mitatu mko salama. Sisi huku tuko sawa, ila Jepchumba ana mafua kidogo, si ya kutisha.

Usishtuke. Ni mimi yule Mama Jepchumba wa Baraza la Mama, yule wa maswali mengi. Jina langu ni Jerop. Nilimwomba Unnati anwani yako. Si unajua yeye ndiye alianzisha baraza letu huko kwa mtandao, na ako na duka la nguo za watoto hapo mjini? Juzi uliandika barazani ati unakaa Lanet na vitu unanunulia Nakuru, na mimi nikataka kulia mbele ya kompyuta ya watu. Nimelelewa Nakuru mimi! Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tulikaa kwa nyumba za reli mpaka nikamaliza shule, halafu yeye akastaafu, wakaenda kujenga Ravine.

Huku nililetwa na ndoa. Mume wangu Kiptanui anafanya kazi kwa visima vya mvuke hapa Naivasha. Sisemi ni pabaya. Lakini mvuke unanguruma kutwa, upepo ukigeuka nyumba inanuka mayai yaliyooza, na jirani mwenye mtoto mdogo sina. Ukumbi wa wafanyakazi una kompyuta mbili, na sisi wake tunaruhusiwa Jumanne na Ijumaa. Hizo ndizo siku zangu za kuongea na watu.

Niambie, bado ziwa linaonekana pinki kwa flamingo asubuhi ukiwa juu kule Milimani? Na zile nyumba zetu bado ziko? Niandikie hata mistari miwili.

Dadako,
Mama Jepchumba

*

Lanet
23 Machi 2007

Dada yangu Jerop,

Salamu nyingi kutoka Lanet. Huyo mtoto mafua yameisha? Sisi tuko wazima. Mimi naitwa Wangeci, lakini Mama Mathenge ni sawa, nimeshazoea.

Niko kwa saiba, hapa kwa kompyuta za kulipia, na Mathenge amekaa mapajani. Ukiona herufi za ajabu ni yeye.

Jumamosi nilishuka mjini, nikapita kwa nyumba za reli kwa sababu yako. Ziko. Rangi imetoka, na kwa ile ya mwisho mtu ameweka kuku. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliniuliza, "Unatafuta nani?" Nikamwambia natafuta utoto wa rafiki yangu. Alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Halafu akaniambia niingie nikunywe chai, na nikakunywa! Kwa hivyo nimekunywa chai kwa nyumba za reli kabla ya wewe kurudi huko.

Ziwa sikuliona vizuri, kulikuwa na ukungu. Nitaenda siku nyingine nikuangalilie.

Dada, na mimi sina watu. Nilikuwa nafanya kazi dukani kwa mjomba, nikaacha kazi nilipozaa, na marafiki wakabaki huko kazini. Nikimaliza kuosha vyombo naanza kuhesabu siku za saiba. Usiache kuandika.

Ni mimi dadako,
Mama Mathengeeeeee (huyo ni yeye)

*

Olkaria
Jumanne, 28 Agosti 2007

Dada yangu mpendwa,

Mlifika salama? Sisi tulifika jioni mapema, Jepchumba amelala njia yote, na blausi yangu imejaa mafuta ya nyama tuliyokula pale Kikopey.

Miezi mitano ya kuandikiana, na bado nilikuwa naogopa kukuona. Nilimwambia Kiptanui, je, tukikosa maneno? Halafu ukashuka kwa gari ukiwa na kiatu kimoja mkononi, kamba imekatika, unasema, "Jerop, nikopeshe mguu." Kuanzia hapo tuliongea mpaka yule mchoma nyama akauliza kama sisi ni mapacha.

Ile picha Baba Mathenge alipiga, ukiichapisha nitumie. Nataka ile ambayo Mathenge amemshika Jepchumba mkono anamfundisha kutembea kwa changarawe, na wote wawili wameanguka. Tangu hiyo siku mtoto anajaribu kusimama. Na ana neno la pili. La kwanza ni "mama". La pili ni "nyama". Kiptanui anasema ni makosa yako.

Nimekuwa nikikumbuka vile nilikuwa Machi, Jumanne na Ijumaa tu, na katikati hakuna kitu. Sasa hata nikipika nakuongelesha kichwani.

Wako,
Dada Jerop

*

Olkaria
Jumanne, 18 Desemba 2007

Kwa Mama Mathenge,

Natumai mko wazima. Sisi ni wazima.

Sitaandika mengi. Ijumaa nilikuwa barazani. Nilikuwa nimeuliza tu jinsi ya kumwachisha mtoto ziwa. Halafu mambo ya kura yakaingia, wewe unajua yalivyoingia, na yule anayejiita Mama Boys akaandika kwamba Wakalenjin kama mimi tuache kujifanya wenyeji wa Naivasha, baada ya kura tutaonyeshwa njia ya kwetu. Wanne wakaandika chini yake kwamba ni kweli. Hao ni wanawake waliowahi kuniambia dawa ya kumkanda mtoto tumbo.

Kando ya jina lako kulikuwa na ile taa ya kijani. Ulikuwa hapo, Wangeci. Nilingoja saa nzima. Nilikuwa nasema, sasa ataandika, sasa ataandika. Halafu taa ikazima.

Unnati amefunga baraza. Pengine ni vizuri.

Jerop

*

Lanet
20 Desemba 2007

Jerop,

Hatujambo huku. Wasalimie nyumbani.

Ulitaka niseme nini? Wale hawasikii mtu. Ningeandika wangenigeukia mimi wa kabila lao, na wawili wao nakutana nao kanisani kila Jumapili. Si mimi niliyesema hayo maneno. Hata ninyi mna watu wenu wanaosema mabaya huko kwenu, na mimi sijakuuliza wewe juu yao. Nilifikiri tumepita hayo.

Kura zikiisha kila mtu atatulia. Krismasi njema.

Wangeci

*

Lanet
30 Januari 2008

Jerop dada yangu,

Uko wapi? Mko wazima?

Simu yako inasema haipatikani. Nimesikia vile watu walivamiwa Naivasha Jumapili kwa sababu ya kura, na tangu hapo napiga kila saa. Leo ndiyo siku ya kwanza saiba imefunguliwa hapa kwetu. Tafadhali andika neno moja tu. Andika "tuko". Usiandike kitu kingine kama hutaki.

Mama Mathenge

*

Lanet
19 Februari 2008

Dada Jerop,

Nakusalimia nikiwa sijui kama salamu zinafika. Mathenge anamuuliza Jepchumba. Namwambia amesafiri.

Nataka kukuambia kitu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa amepanga muuguzi mmoja, Jepkoech, Mkalenjin kama wewe, ana mtoto wa miezi minne, mume wake yuko Kabarnet. Ile Jumamosi ya Januari vita vilipofika huku kwetu, saa nane mchana, alikuja kwangu bila viatu, mtoto kifuani. Nikamfungia chumbani. Dakika chache wakafika vijana kama kumi. Mmoja namjua, hutuletea maziwa. Akaniuliza, "Mama, huyo jirani ako wapi?" Nikasema ameenda jana. Akasema, "Tuingie tuangalie?" Nikamwambia, "Ingia. Na jioni nitaenda kwa mama yako nimwambie ulikuja kwangu na panga mbele ya mtoto wangu." Halafu wakaenda kwa Jepkoech, wakabeba kitanda na televisheni, na vitu vingine vyote wakavichoma uani. Nguo za mtoto pia. Kesho yake lori la jeshi likampeleka kambini hapo Lanet, na sasa ako kwao.

Usidhani naandika unisifu. Nilikuwa naogopa, na walipoondoka nilikaa chini kwa mlango. Ni hapo nilifikiria Desemba. Desemba hakukuwa na panga. Ilikuwa ni kuandika mistari miwili tu, na mimi nikiwa nimekaa kwa kiti nikinywa soda. Na nikashindwa. Halafu nikakuandikia ile barua ya ati na ninyi mna watu wenu.

Nisamehe, Jerop. Hiyo ndiyo ningesema tangu mwanzo.

Mama Mathenge

*

Eldama Ravine
11 Machi 2008

Kwa Mama Mathenge,

Salamu kutoka Ravine. Tuko. Naandika hilo kwanza kwa sababu uliliomba.

Barua zako nimezisoma zote leo kwa siku moja. Hapa saiba ni moja na mimi sikuwa natoka nyumbani. Simu ilipotea siku tuliyotoka. Ile Jumapili tulikusanywa ukumbini, wanawake na watoto, tukakaa na kelele zinakuja zinaenda huko barabarani. Jumatatu tukapandishwa lori na askari mbele. Nilibeba mtoto na mfuko wa nepi, na katikati ya njia nikaona nimebeba pia rimoti ya televisheni. Sijui kwa nini. Kiptanui alibaki kazini, wanalala hapo hapo kwa mitambo. Mimi na Jepchumba tuko kwa mama.

Nimesoma kuhusu Jepkoech mara tatu. Nimefurahi ako hai na mtoto wake. Lakini sitakudanganya, sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine naamka nimekukasirikia zaidi ya wale waliofuata lori na mawe, kwa sababu wale sikuwahi kunywa soda nao. Siku nyingine nakumbuka ukishuka Kikopey na kiatu mkononi na nacheka peke yangu, mama ananiangalia. Kila kitu cha mwaka jana kimekuwa hivyo. Kitamu, halafu kinaniuma.

Nina jambo moja na sina mwingine wa kumwambia. Jepchumba amenyamaza. Alikuwa amefikisha maneno sita. Tangu lori, hata "mama" hasemi. Anakula, analala, anaangalia. Daktari anasema ni mzima. Mama yangu anasema niache. Ni wiki ya sita sasa.

Jerop

*

Lanet
14 Machi 2008

Dada yangu,

Asante Mungu mko.

Kuhusu mtoto sina dawa na sitajifanya. Nakuja. Wiki ijayo, Jumamosi ya tarehe 22, mimi na Mathenge. Baba Mathenge anasema nimerukwa na akili, barabara ile bado haijatulia. Nimemwambia atasema tena nikirudi. Kama hutaki nije, nijibu kabla ya siku hiyo. Usipojibu nitaelewa vile ninavyotaka.

Mama Mathenge

*

Eldama Ravine
Jumanne, 25 Machi 2008

Dada yangu Wangeci,

Mlifika salama? Mathenge alitapika tena kwa gari? Sisi tuko wazima, na mama yangu pia.

Kuhusu yeye, najua uliona. Ulimsalimia kwa heshima na akaingia chumbani, akafunga mlango, na hakutoka mpaka mkaondoka. Nilisikia aibu mpaka nikashindwa kukutazama ukimenya viazi. Nyumba ya kaka yake huko Molo ilichomwa na watu wa kabila lako, na yeye ndiye aliyemzika mtoto wa huyo kaka. Hukuuliza na sikukuambia. Ulimenya tu viazi, ukasema chai ya Ravine ni tamu kuliko ya kwenu, na ukaniuliza kama kwa nyumba za reli tulikuwa tunasikia garimoshi la saa kumi na moja. Tulikaa saa mbili nikikuambia garimoshi. Sikuwa nimeongea hivyo tangu Januari.

Na watoto waliachwa uani. Nilikuwa nawachungulia. Mathenge anaongea peke yake, anapanga mawe, anampa moja, anamnyang'anya, anampa tena. Jepchumba anaangalia tu. Mlipoondoka nilisema moyoni, basi, Mathenge alijaribu.

Jana asubuhi nilikuwa nafua. Mama ako kwa mlango anachambua maharagwe. Jepchumba akatembea mpaka kwa geti, akashika mbao kwa mikono miwili, akaita, "Enge!"

Nikaacha nguo zikaanguka majini. Akaita tena, kwa sauti, amekasirika kabisa, vile anaita mtu aliyekawia. "Enge! Enge!"

Mama akaniuliza, "Anaita nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Anamwita Mathenge. Yule mtoto wa rafiki yangu."

Mama akachambua maharagwe mengine, mtoto anaendelea kuita. Halafu akaweka maharagwe chini, akaenda mpaka kwa geti, akamwinua Jepchumba, akamkalisha begani ili aone barabara mpaka kule inapokata kona. Wakasimama hapo wote wawili wakiangalia. Baadaye nikamsikia mama akimuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kikalenjin, "Ulisema anaitwa nani?" Na mtoto akamwambia.

Ni mimi dadako,
Jerop