Leo Nimemwambia Baba Neema

Jumamosi, saa kumi jioni. Hapa Tukuyu mvua imenyesha tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya nyuma ya nyumba. Binti yangu Neema yuko Kawetele kwa bibi yake, mdogo wake amelala. Nimepata nafasi ya kuandika.

Nimemkumbuka mume wangu.

Wala hajasafiri. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja. Lakini huu ni mwezi wa nane nalala chumba cha watoto. Nilimwambia kichanga kinasumbua. Uongo. Mtoto analala fofofo.

Ukweli ni kwamba tangu nijifungue huyu wa pili, mkojo unanitoka. Nikipiga chafya, nikicheka, nikinyanyua ndoo. Darasa la tano nawafundisha nikiwa nimekaa, nimevaa pedi, sweta nimelifunga kiunoni. Chai ya asubuhi niliiacha, mimi ninayeishi katikati ya mashamba ya chai. Na huko chini kulikuwa na uzito, kama kitu kinataka kudondoka. Mara ya mwisho Baba Neema aliponikaribia, nililowesha shuka. Yeye hakugundua. Mimi nililia bafuni, kesho yake nikahama.

Nilidhani ndivyo uzazi unavyomwacha mwanamke. Mama zetu walivumilia.

Wiki saba zilizopita nilipeleka mtoto kliniki. Nikiwa kwenye foleni nilikohoa, nikabana miguu. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, mkojo unakuponyoka?"

Nilitaka kukana. Machozi yakaniwahi.

"Usione aibu, mwanangu. Tuko wengi, tunanyamaza tu. Hii inatibika."

Akanielekeza hospitali, kwa dada wa mazoezi tiba. Yule dada alinipima, akanieleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama mbeleko, imebeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba na uchungu wa muda mrefu vimeilegeza yangu. Kizazi kimeshuka kidogo, si cha kupasuliwa. Akanifundisha kuibana kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, bila kuziba pumzi, nihesabu mpaka tano, kisha niachie kabisa. Kuachia nako ni zoezi, alisisitiza, maana wapo wanaoumwa kwa sababu misuli yao imekaza haitaki kulegea. Maji ninywe. Nibane kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu. Na nisitegemee muujiza, hii ni kazi ya miezi.

Nafanya kila siku. Hata nikisahihisha madaftari, nabana na kuachia, hakuna anayejua.

Juzi nilipiga chafya mbele ya darasa zima, nikabaki mkavu. Nilitamani kumwambia mtu. Mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Leo asubuhi tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Akasema bila kuniangalia, "Mama Neema, kama umenichoka, niambie tu. Usinifiche."

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia yote, mpaka lile la shuka.

Aliendelea kumenya ndizi ile ile mpaka nikajuta kusema.

"Miezi minane nalala naangalia ukuta," akasema. "Kumbe mwenzangu unaumwa?"

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu mimi? Si mimi niliyekushika mkono siku ile uchungu ulipoanza?"

Akaniuliza narudi lini hospitali. Nikamwambia Jumatano. "Tutaenda wote," akasema. "Na ndoo za maji kuanzia leo ni zangu."

Sijapona. Jana tu, bodaboda iliporuka shimo njia ya Isongole, nililowa. Yule dada ameniambia kwamba kulala na mume wangu si hatari, twende polepole, nikisikia maumivu niseme. Nikisikia maumivu, sawa. Nikiona haya je? Hilo sikumuuliza.

Baba Neema amekwenda kumchukua Neema kwa bibi yake. Kabla hajatoka alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama siku zile za uchumba, iwapo leo nitarudi chumbani kwetu. Nikamwambia nitafikiria.

Nimeshafikiria.

Naogopa. Na ninamtaka.