Bomba Aliloliziba Baba

Sangdara,
4 Aprili

Mpendwa kaka Safarmad,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Mgongo wako umepata nafuu? Huko Urusi baridi imepungua? Sisi wazima, ila mimi hasira zimenikaba, nivumilie.

Unalikumbuka lile tuta la udongo juu ya kijiji? Kila nyumba ilitoa mtu wa hashar, kazi ya pamoja ya kijiji, tukaswaga kondoo juu yake washindilie udongo kwa kwato. Kazi yake moja tu: bwawa nyuma yake likae tupu, mafuriko yakija yatulie pale, yatoke polepole kwa bomba la chini.

Basi baba kaliziba bomba! Kalisokomeza zulia kuukuu na udongo. Eti maji ni neema, kuyaacha yapite ni kufuru. Sasa bwawa limejaa pomoni, katia na samaki, na wazee wenzake wanakunywa chai ukingoni wakimsifu. Theluji huko mlimani mwaka huu ni ya kutisha, na jua limeanza kuchoma. Ikiyeyuka, maji yatakaa wapi?

Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni yako, kaka. Mkeo Mavjuda na binti yenu wamo humo. Nilipomwambia baba, akanijibu mbele za watu, “Umesomea wapi matuta, wewe? Kakande unga!” Wakacheka. Siku kumi na moja nilibeba udongo mimi, wao walikuwa wapi? Nakuomba umwandikie, wewe atakusikiliza.

Naendelea baada ya alasiri. Mama aliniuliza ninaandika nini, nikamsomea. Akasema, “Mpaka wa Urusi ajibu, tutakuwa tumeshazikwa matopeni. Lete ndoana ya kisimani.”

Tumelizibua, kaka! Mama, Mavjuda na mimi, tumelivuta zulia kwa ndoana mpaka likatoka. Baba alikuja mbio akitutukana, akaapa kuliziba tena kesho. Mama ametandika godoro lake kando ya mdomo wa bomba, ameketi hapo anafuma soksi.

Shangazi Zebo na Mavjuda wanakusalimu. Binti yako ameota meno mawili. Mungu akulinde kazini na akurudishe salama.

Mwandikie baba upesi. Mama ana miaka sitini na minane, na ardhi bado ina baridi.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikikasirika,
Nazarbegim