Msantigi Ndani ya Nailoni

Jumatano, 3 Julai

Siku ya kumi na tisa. Limetoka! Chipukizi moja, dogo kama punje ya mchele, juu kabisa ya shina. Nimelitazama kupitia nailoni, mwanangu Fiya mgongoni, pua yangu karibu iguse. Sikupumua.

Msantigi huu, mti wa majabali ya pwani, niliuona mimi, si wanaume. Nilikuwa msichana, naokota konokono kwenye majabali, nikateleza, nikaushika. Mwaka jana nilimbana Hosnan mpaka akakubali: kata mizizi ya upande mmoja tu, uache mwaka mzima uote mingine. Alinung'unika, lakini mume wangu huyo alisubiri. Mwezi uliopita ndipo tukaung'oa kwa tindo na mtaimbo, tukaupanda kwenye sanduku la mchanga, tukaufunika gubigubi kwa nailoni. Ukipona, watu wa mjini wataukunja kwa waya na kuuita bonsai, mti wa mapambo. Ila kwanza upone. Nailoni haifunguliwi mpaka majani yakomae. Mwezi, hata miwili. Hewa kavu ikiyagusa mapema, basi tena. Kila mchimba miti hapa kisiwani Madura anajua hilo. Kila mmoja!

Alhamisi, 4 Julai

Shemeji Misnadin, mume wa dada yangu, kaja uani asubuhi, msuli umefungwa juu ya tumbo.

"Mama Fiya, funua shela tumwone bi harusi!"

Nikasema bi harusi hayuko tayari.

"Bado ananyonya?" Akacheka. Hosnan naye akacheka — huyo atanitambua.

"Shemeji," nikamwambia, "mwaka huu umeshafunua maharusi watatu. Wako wapi?"

Akaacha kucheka. Wako jikoni kwa dada, wamekuwa kuni za kupikia mahindi.

Anasema kuna mnunuzi wa mjini Surabaya anautaka sana, hataki kungoja. Na angoje.

Machipukizi yamefika manne.

Ijumaa, 5 Julai

Kalamu inatoboa karatasi.

Nilimpeleka Fiya chanjo. Foleni mpaka nje. Narudi saa saba — fundo la nailoni si langu! Mimi nafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, mizunguko mitatu, ncha ndani. Hili ni fundo la kufungia mbuzi. Nailoni kavu, hata tone moja la jasho halimo. Machipukizi yamelala yote manne. Kama nyuzi.

Nikamuuliza dada. Anaosha vyombo, hanitazami. Misnadin kaufunua kabla ya kwenda msikitini, jua la utosini, kauweka katikati ya ua, kauzunguka na simu anaupiga picha. Za yule mtu wa Surabaya. "Kidogo tu," dada anasema.

Kidogo!

Nikaenda kwenye kibanda cha sala cha hapa uani, wanaume wamekaa juu ya jukwaa lake wanakunywa kahawa. Nikasimama chini. Nikamuuliza Misnadin: nani kakuruhusu kuufungua?

"Punguza sauti, watu wametoka kuswali."

"Na wewe ungepunguza mkono!"

Fiya akaanza kulia. Nikanyamaza kwa ajili yake. Si kwa ajili yao hata chembe.

Nimenyunyiza maji. Nimefunga upya.

Jumamosi, 6 Julai

Na mama yangu mzazi!

Hapa mti ukitoka jabalini hupewa mwenye mkono wa baridi auuguze. Mwenye mkono wa moto akiugusa, unakauka. Tangu nina miaka kumi na miwili mkono wa baridi ni wangu, na Mama ndiye aliyekuwa akijisifu nao sokoni. Leo tunachambua dagaa, ananiambia taratibu: mwanangu, mkono wako umeshika moto tangu ujifungue. Mpe mwingine kazi hiyo.

Nani kamwambia? Nani, kama si Misnadin!

"Mama, mkono wangu ulikuwa zahanati na mimi. Uliifunguaje nailoni?"

Akasema nisibishane naye, shemeji yangu ana wageni wa heshima, nisimtie aibu. Yaani afungue yeye, moto uwe wangu.

Hosnan alikula wali wa mahindi mpaka sahani ikang'aa. Nikamwambia akalale kwa shemeji yake. Hakwenda. Kalala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

Jumapili, 7 Julai

Machipukizi yote yameanguka.

Alfajiri, umande ukiwa bado, nililegeza utepe, nikaingiza kidole kimoja, nikakwaruza gome kwa ukucha. Kijani. Chini ya gome bado kijani!

Mti huu umesimama pale tangu kabla ya babu yake babu. Chumvi, upepo, kiangazi, na hakuna aliyeunyunyizia hata kikombe. Sisi tumekaa nao wiki tatu. Tukiuua, mimi ndiye niliyewaonyesha ulipo. Mimi.

Jumanne, 9 Julai

Moja! Nyuma, chini kabisa karibu na mchanga. Jekundu kidogo nchani. Nimemnong'oneza Fiya peke yake. Akasema "mamaa" na kuipiga nailoni kofi. Nikamshika mkono: hapana, huyu mgonjwa, hapigwi. Akabusu nailoni. Nimelia kidogo, kisha nikafua.

Hosnan nilimwonyesha jioni. Alichuchumaa muda mrefu.

Mara sauti ya Misnadin toka uani: kesho mgeni anakuja, mti uoshwe, uwekwe wazi. "Mtu hasafiri kutoka Surabaya kuja kununua kitu ndani ya mfuko kama samaki wa mapambo!"

Nikamjibu kuna chipukizi moja tu, likifa hili shina halina nguvu ya kutoa lingine.

"Mkono wa moto nao unajua kuhesabu?"

Wanaume wawili wa jirani wakacheka. Hosnan hakucheka.

Jumatano, 10 Julai

Nimeuburuta hadi chumbani mwetu juu ya gunia. Kiuno kinaniuma. Nimefunga komeo na nimeuegemea mlango, naandikia gotini. Fiya amelala.

Gari limeingia. Nasikia vikombe, Mama anachekacheka kile kicheko chake cha wageni. Dada kaja kugonga, kaondoka. Mama kaja: "Fungua, unaniaibisha mbele za watu." Nikasema Mama, nisamehe, sifungui. Kaondoka akisonya.

Sasa Hosnan.

"Wanasema dakika tano tu," anasema. Sauti ya chini.

"Na wewe unasemaje?"

Hajaondoka. Chini ya mlango naona vidole vya miguu yake, vina vumbi. Vimetazama kwangu. Hasukumi, wala hagongi.

Misnadin anaita toka kibandani: "Hosnan! Umeingia kuzaa humo? Leta mti!"

Vidole havijasogea.

Anaita tena, kwa hasira sasa. Na hivi — vidole vimegeuka. Naona visigino. Kaupa mlango mgongo, naye kauegemea, mbao zimelia. Sijui anamngoja Misnadin aje, au anapumzika tu kabla ya kunisihi tena. Ila mgongo wake uko mlangoni, kama wangu.