Kipime Kikiwa cha Moto

3 Machi

Mjukuu wangu,
Salamu. Mimi mzima, ila magoti yananifanyia jeuri. Wewe je, unakula, au unatazama kompyuta mpaka njaa ichoke yenyewe? Mama yako anasema unatengeneza "modeli". Nimemuuliza ni kitu gani, akasema nikuulize wewe. Nieleze mwenyewe, tena bila Kizungu. Shule niliiacha darasa la tatu, akili sikuiacha huko.
Bibi yako

19 Machi

Bibi, shikamoo. Sijambo, nakula.
Kabla mafundi hawajaunda mtambo, wanauchora kwenye kompyuta na kuuwasha humohumo, waone kama utafanya kazi. Lakini kompyuta haijui transista, kidude kidogo cha kufungua na kufunga njia ya umeme, ni nini. Mimi ndiye ninayeiandikia: ukiiwasha inapitisha umeme kiasi hiki, ukiizima inafunga. Maandishi hayo ndiyo modeli. Juzi nimemaliza ya transista itakayowasha na kuzima hita ya sanduku la kulaza watoto njiti. Namba zote nimezitoa kwenye karatasi ya vipimo ya kiwanda kinachoitengeneza. Mkuu wangu amenisifu, na mafundi saba wameshaanza kuchora kwa modeli yangu.
Mjukuu wako

2 Aprili

Marahaba. Sifa nimezisikia. Sasa nijibu: hicho kidude umekishika? Nimeshona sare miaka arobaini, na sijawahi kukata kitambaa kwa kipimo cha dukani. Nakifua kwanza, kinywee, ndipo napima. Karatasi yako ilikipima kidude kikiwa kimepoa, au kikiwa kando ya hita? Sitaki maneno mengi. Kimepoa au cha moto?
Bibi

30 Mei

Bibi, shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Magoti yanaendeleaje?
Jibu ni: kimepoa. Nilichukua transista tatu kwenye droo, nikazipasha moto, nikapima. Zikiwa za moto, ukizizima hazifungi vizuri, umeme unaendelea kuvuja. Kwenye kompyuta sanduku linazimika safi kabisa. Wodini lingeendelea kupasha, mtoto akiwa ndani. Nimelijua hili wiki tano sasa, sijamwambia mtu. Mkataba wangu unakwisha Juni, na watu saba itabidi waanze upya kwa sababu yangu.
Mjukuu wako

7 Juni

Leo salamu huna. Wiki tano! Nilidhani unaumwa, kumbe umelikalia jambo kama kuku. Mtoto wa siku mbili hawezi kusema anaungua. Wewe una mdomo, tena mpana, nakujua. Ukimaliza barua hii, inuka uende kwa mkuu wako. Usianze na "samahani kidogo". Anza na transista. Kabla hujasema, usiniandikie.
Bibi (leo si wako)

16 Juni

Bibi, shikamoo.
Nimesema. Mkuu aliuliza nani aliniambia nipime cha moto. Nikasema bibi yangu, fundi cherehani. Fundi mmoja aliyekuwapo akacheka, mkuu hakucheka. Modeli imefutwa, wote saba wameanza upya, na wawili hawanisalimii. Nimepewa transista ishirini nizipime, zikiwa za baridi na zikiwa za moto. Kuhusu mkataba hajasema kitu. Nimuulize?
Mjukuu wako

24 Juni

Marahaba, mjukuu wangu. Magoti ni yaleyale.
Usimuulize. Pima zote ishirini, hata ya mwisho utakayokuwa umeichoka. Hao wawili wasalimie wewe, ndiwe uliyewaharibia kazi. Na mkuu akikwambia basi, asikuone unalia; funga begi uje. Majora ya vitambaa nimeyatoa kitandani kwako, nimeyasimamisha ukutani.
Bibi yako